Fantasy Premier League kwa anayeanza: fuata dakika, majina baadaye

Watu wanaoujua mpira vizuri mara nyingi ndio huburura mkia kwenye Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni ambao unaunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Wanawachagua wachezaji wanaopenda kuwatazama, na mchezo huu haulipi mpira wa kutazamwa. Unalipa vinavyohesabika. Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, alifagia dimba la kati dakika zote tisini akiwa Southampton na baadaye Tottenham, lakini jioni nyingi aliiacha fantasy na pointi mbili. Akioneshwa kadi ya njano, moja.

Kwa hiyo weka kando swali la nani fundi. Swali ni nani analipwa, na analipwa kwa nini. Ukilielewa hilo, nusu ya maamuzi ya msimu mzima inakuwa nyepesi.

Kwanza, jua kinacholipwa

Ninaeleza kanuni za msimu wa 2025/26. Waandaaji hugusa kitu karibu kila mwaka, hivyo pitia ukurasa wa kanuni kabla ya Agosti, hata kama umeshacheza.

- Mchezaji akiingia uwanjani anapata pointi 1. Akifikisha dakika 60, pointi 2.
- Goli la kipa ni pointi 10, la beki 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4.
- Asisti ni pointi 3 kwa yeyote.
- Timu isiporuhusu goli, kipa na beki wanapata 4, kiungo 1, mshambuliaji hapati kitu. Lazima awe amecheza dakika 60.
- Kipa anapata pointi 1 kwa kila michomo mitatu anayookoa, na 5 akipangua penalti.
- Beki akifikisha matendo 10 ya ulinzi, yaani kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupora mpira, anapata pointi 2. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji 12, ila wao huhesabiwa pia mipira waliyoiokota.
- Kadi ya njano inakata 1, nyekundu 3, kukosa penalti 2, kujifunga 2. Kipa na beki hukatwa 1 kwa kila magoli mawili waliyofungwa.
- Katika kila mechi wachezaji watatu waliofanya vizuri zaidi, kwa hesabu ya mfumo wenyewe, hugawana bonasi ya 3, 2 na 1.

Ile ya matendo ya ulinzi ilianza msimu wa 2025/26, na ndiyo imebadilisha mchezo zaidi ya yote. Zamani beki wa kati wa timu inayoshambuliwa muda wote alikuwa mzigo: timu inafungwa, naye anabaki na pointi moja. Sasa mtu kama James Tarkowski wa Everton, ambaye kazi yake ni kupiga vichwa na kujitupa mbele ya mashuti, anaweza kuambulia nne hata siku timu imeruhusu goli moja. Wanyama angeufurahia utaratibu huu.

Tazama pia mchezaji ameorodheshwa kama nani. Msimu wa 2025/26 Mohamed Salah aliwekwa kwenye fungu la viungo ingawa alicheza mbele kabisa, kwa hiyo goli lake lilikuwa pointi 5 badala ya 4, na Liverpool isipofungwa aliongezewa moja. Msimu wa 2024/25 alifunga magoli 29 na kutoa asisti 18, akamaliza na pointi 344, ambayo ni rekodi ya mchezo huu. Mshambuliaji anayeitwa kiungo ni mali. Mtafute kwenye kila klabu.

Kugawa milioni 100

Kujiunga ni bure, kwenye tovuti au aplikesheni rasmi ya Premier League. Huu si mkeka, na akikudai mtu ada ya kukufungulia akaunti, huyo ni tapeli. Unapewa paundi milioni 100 za kwenye karatasi, ununue wachezaji 15: makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Hairuhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Kabla ya raundi ya kwanza unabadilisha upendavyo, hata mara mia, bila kukatwa kitu.

Anza na benchi. Wengi hufanya kinyume: wanawabeba mastaa, wanamalizia na masalia. Benchi lina watu wanne, nalo ni kama tairi la akiba, hulikumbuki mpaka upate pancha. Basi usilinunulie kwa bei ya gari. Kipa wa pili wa milioni 4.0, beki wa 4.0, kiungo wa 4.5 na mshambuliaji wa 4.5, jumla 17. Umebaki na milioni 83 za watu kumi na moja, wastani wa kama 7.5 kwa kila mmoja.

Hapo ndipo unapoona gharama ya staa. Erling Haaland alianza msimu wa 2025/26 kwa milioni 14.0 na Salah kwa 14.5. Ukimchukua Haaland, kumi waliobaki wanagawana 69, chini ya milioni saba kila mmoja. Bado inawezekana. Ukiwachukua wote wawili, tisa wanabaki na 54.5, yaani kama milioni sita kila mmoja, na timu inaanza kuvuja pembeni. Kwa anayeanza ushauri wangu ni staa mmoja wa bei kali, kisha jaza katikati kwa watu wa milioni 6 hadi 8.

Kwenye bei hizo za kati ndiko ushindi wa msimu unakopatikana. Mwaka 2024/25 Bryan Mbeumo alianzia milioni 7.0 akiwa Brentford akafunga 20. Mwenzake wa klabu hiyohiyo, Yoane Wissa wa DR Congo, alianzia 6.0 akafunga 19. Chris Wood wa Nottingham Forest naye alianzia 6.0 akafunga 20. Aliyekuwa na wawili kati ya hao alitumia fedha pungufu ya bei ya Haaland mmoja, akavuna magoli yanayokaribia arobaini.

Huyo beki wa 4.0 wa benchi achaguliwe kwa makini kuliko wengine watatu. Tafuta anayeanza kwenye timu yake, hata ikiwa dhaifu. Siku mabeki wako wawili wameumia, yeye ndiye atakayeingia moja kwa moja bila wewe kugusa simu.

Nani aingie: dakika, kisha penalti, kisha ratiba

Mpangilio huu usiupindue.

Dakika ndizo msingi. Mchezaji wa kawaida anayecheza tisini kila wiki anamshinda fundi anayetolewa dakika ya 58. Angalia msimu uliopita alicheza dakika ngapi, na baada ya raundi tatu au nne angalia za msimu huu. Ogopa vikosi vipana vinavyocheza Ulaya katikati ya wiki. Manchester City ya Pep Guardiola imewaliza watu kwa miaka mingi: winga anatupia mawili Jumamosi, unamsajili, Jumamosi inayofuata yuko benchi amevaa koti. Kibaya zaidi kuliko kutocheza kabisa ni kuingia dakika ya 88. Asipocheza, wa benchi yako anachukua nafasi yake. Akigusa uwanja dakika moja tu, umebaki na pointi yake moja na mtu wako wa akiba haingii.

Pili, nani anapiga penalti? Nani anapiga kona na faulo? Cole Palmer alianza msimu wa 2023/24 kwa milioni 5.0, akahamia Chelsea, akakabidhiwa penalti. Akamaliza na magoli 22, tisa kati yake ya penalti, na pointi 244. Hata ukimwondolea penalti zote angebaki mchezaji mzuri, ila asingekuwa yule ambaye asiyekuwa naye aliachwa mbali. Kwa upande wa mabeki, tafuta yule anayefuata kona. Gabriel Magalhães wa Arsenal ni mfano uliozoeleka: unalipwa kwa timu isiyofungwa, na mara mojamoja kwa kichwa chake.

Ratiba inakuja ya tatu, na huisomi kwa wiki moja. Tazama mechi tano au sita zijazo. Aplikesheni huzipaka rangi kwa ugumu kuanzia 2 hadi 5, nazo zinasaidia, ila usiziamini kupita kiasi mwanzoni mwa msimu kwa sababu timu zilizopanda daraja huchukuliwa kuwa chekechea. Ni kweli kwamba zote tatu zilizopanda 2023 zilishuka palepale, na zilizopanda 2024 vilevile. Lakini Sunderland ilipopanda 2025 ilifungua msimu kwa kuichapa West Ham 3-0, na waliokuwa wamejaza wachezaji wa West Ham kwa ajili ya rangi ya kijani, ile ya mechi rahisi, walijionea.

Na moyo? Februari 2020 Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo, aliifungia Aston Villa kwa kichwa dhidi ya Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya ligi. Hakuna Mtanzania wa kumlaumu mwenzake aliyemsajili usiku uleule. Ila lilibaki goli lake pekee la ligi akiwa na Villa. Nafasi moja ya mapenzi, kwenye benchi, haina madhara. Shabiki wa Manchester United anayeweka watatu wa United kila mwaka kwa ajili ya uaminifu, huyo anacheza mchezo mwingine.

Kitambaa

Nahodha wako hupata pointi mara mbili. Hakuna uamuzi mwingine wa wiki wenye uzito huo, na watu huufanya kwa sekunde tatu baada ya kuhangaika siku nzima na beki wa 4.5. Zile pointi 344 za Salah ni wastani wa kama tisa kwa raundi. Aliyemvisha kitambaa raundi zote 38 alivuna 688 kwa mtu mmoja.

Chagua kwa mambo matatu: yuko nyumbani, mpinzani anafungika, na penalti ni zake. Ukiwa na wawili wanaolingana, chukua yule ambaye kucheza kwake hakuna shaka. Mwanzoni usijifanye mjanja. Kama theluthi mbili ya wachezaji wa fantasy wamempa Haaland naye anacheza nyumbani na timu ya mkiani, mpe. Akifunga matatu wewe huna, umeporomoka nafasi ambazo utahitaji wiki kadhaa kuzirudisha.

Nahodha msaidizi anachukua pointi hizo mara mbili pale tu nahodha asipocheza hata dakika moja. Mweke mtu wa mechi tofauti, na awe wa uhakika.

Saa ya kufunga

Hapa ndipo watu wa huku kwetu wanaachwa na basi. Muda hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi, na vikosi hutangazwa dakika 75 kabla ya mechi, yaani robo saa baada ya wewe kufungiwa mlango. Imepangwa hivyo makusudi.

Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kuipeleka mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Sisi hatubadilishi. Kwa saa za Nairobi, Dar na Kampala inakuwa hivi: raundi inayoanza kwa mechi ya mapema ya Jumamosi hufungwa saa 7 mchana mwanzoni mwa msimu, na saa 8 mchana kuanzia mwisho wa Oktoba. Inayoanza kwa mechi ya Ijumaa usiku hufungwa saa 2:30 usiku, kisha saa 3:30. Ukiwa Goma, Lubumbashi, Kigali au Bujumbura punguza saa moja. Ukiwa Muscat ongeza moja. Ijumaa ndiyo inayokamata wengi, maana mtu amezoea kuamka Jumamosi akanywe chai ndipo apange timu. Weka kengele kwenye simu Alhamisi, ukiwa umeangalia ratiba ya wiki hiyo.

Alhamisi na Ijumaa ndiyo siku makocha wengi wanazungumza na waandishi kuhusu majeruhi. Mchezaji mwenye shaka hutiwa alama ya njano na asilimia ya kucheza: 75, 50 au 25. Asilimia 75 si ahadi. Na akaunti za mitandaoni zinazodai zina kikosi cha kesho, chache sana zina rekodi ya kuaminika. Nyingine zinatafuta wafuasi tu.

Usajili wa kila wiki

Unapewa badiliko moja la bure kila raundi, na usipolitumia linawekwa akiba, hadi matano. Kila la ziada linakukata pointi 4. Fanya hesabu kabla: anayetoka, kama angecheza, angepata angalau mbili. Anayeingia anahitaji sita ili mlingane, na sita ni goli la mshambuliaji pamoja na dakika 60. Kwa hiyo kulipa nne kuna maana pale anayetoka hatacheza kabisa na huna mtu wa benchi, au anayeingia atakaa wiki nyingi. Kulipa nane, kumi na mbili kwa sababu wiki iliyopita ilikuwa mbaya ni hasira tu.

Tabia inayomwangusha anayeanza ni kununua magoli ya jana. Jumapili jioni mtu katupia mawili, saa mbili usiku ameshasajiliwa na malaki, Jumanne anaumia mazoezini. Subiri hadi Ijumaa kama siku ya kufunga inaruhusu. Kweli, bei hupanda na kushuka usiku kwa 0.1 kulingana na usajili, na kusubiri kunaweza kukugharimu. Lakini faida yenyewe ni ndogo: ukimnunua mtu kwa 7.0 akapanda hadi 7.3, ukimuuza unapata 7.1, kwa sababu unabakiwa na nusu ya ongezeko, nayo inakatwa kushuka chini. Taarifa za majeruhi zina thamani kuliko hiyo sehemu ya kumi ya milioni.

Wiki ambayo kila mtu yuko salama, usiguse kitu. Ukifika na mabadiliko matatu kwenye akiba wakati nyota wawili wameumia pamoja, utakuwa na raha ambayo wenzako hawana. Disemba ni mwezi wa kuwa na akiba: mechi hubanana, na kwenye misimu yenye AFCON katikati ya baridi wachezaji wa Afrika huondoka. Ile ya Morocco, iliyoanza Desemba 2025, iliwachukua Salah na Mbeumo kwa wakati mmoja, na waandaaji waliwajazia washiriki wote mabadiliko matano ya bure kabla ya raundi ya 16.

Karata nne

Kuna karata maalumu nne, na msimu wa 2025/26 unapewa kila moja mara mbili. Seti ya kwanza lazima itumike kabla raundi ya 19 haijafungwa, la sivyo inapotea. Raundi moja, karata moja.

Wildcard inakuruhusu kubadili kikosi chote bure na kubaki nacho. Hairuhusiwi raundi ya kwanza. Anayeanza hujikuta anaihitaji kati ya raundi ya 4 na ya 8, dakika zikishajulikana na makosa ya Agosti yakishaonekana, na hapo ni sawa kuitumia. Usiichome raundi ya pili.

Free Hit nayo inabadili kikosi chote, ila kwa raundi moja tu, kisha timu yako inarudi ilivyokuwa. Kazi yake ni raundi ambayo timu nyingi hazichezi kwa sababu ya mechi za kombe. Hii na Wildcard ukishathibitisha huwezi kughairi.

Bench Boost inahesabu pointi za watu wako wote 15. Triple Captain inampa nahodha mara tatu. Hizi mbili zinafaa zaidi raundi ambayo baadhi ya timu zinacheza mara mbili, na raundi hizo nyingi hutokea baada ya Februari mechi zilizoahirishwa zinapopangwa upya. Kwa seti ya kwanza huenda usipate raundi ya namna hiyo, kwa hiyo usisubiri muujiza: Triple Captain mpe staa wako akiwa nyumbani na mnyonge, na Bench Boost itumie raundi mbili tatu baada ya Wildcard, wakati benchi lako bado lina wachezaji wasio majeruhi.

Ligi za marafiki

Nafasi yako duniani ni namba tu, kuna zaidi ya watu milioni kumi humo. Raha iko kwenye ligi ya ofisini au ya kundi la WhatsApp, unayoingia kwa msimbo anaokutumia mwenye ligi. Mkiweka mchango wa zawadi, andikeni mapema nani anashika fedha na nini kinatokea pointi zikilingana. Ugomvi wa Mei huwa mbaya kuliko wa siasa.

Kuna ligi ya kukusanya pointi na ile ya ana kwa ana, na zinachezwa tofauti. Kwenye ya ana kwa ana, kabla ya kufunga, fungua kikosi cha mpinzani wako cha wiki iliyopita uone nani mnaye wote. Hao hawakusaidii wala hawakudhuru. Kazi iko kwa wanne watano mliotofautiana.

Kwenye ya kukusanya, kama unaongoza ifikapo Machi, wafuate wanaokufukuza: chukua wachezaji walionao na mpe kitambaa wanayempa. Kama uko nyuma kwa pointi 60, kufanana nao hakukupeleki popote. Kiongozi akimpa Haaland, mtafute mwingine mwenye mechi nyepesi na penalti, umvishe huyo. Badili nahodha kwanza kabla ya kuvunja kikosi. Ni bure, na unaweza kurudia kila wiki hadi raundi ya 38.